Fahamu: Kwa nini baadhi ya alama za kulengea bastola hung'aa gizani bila betri?

Alama hizo huwa na mirija midogo ya kioo iliyojazwa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi. Mionzi hiyo hafifu hugonga unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, nao hutoa mwanga usiku na mchana bila kuchajiwa.

Mwanga huo haudumu milele. Kila baada ya miaka 12.3 hivi, tritiamu hubaki nusu. Kwa hiyo mnunuzi aangalie kwanza mwaka wa kutengenezwa.

Lililo kubwa zaidi ni hili: alama humwonyesha mlengaji bastola yake imeelekea wapi, lakini hazimmuliki aliye mbele yake. Bila tochi, unayemdhania mwizi anaweza kuwa mwanao. Hujamtambua mtu? Usifyatue.