Mkalimani Akiondoka, Matini Yatasomwa na Nani?

Wapo wanaodhani kuwa tarakilishi zote huzungumza lugha moja. La hasha! Kila jamii ya prosesa, yaani kile kiini kinachotekeleza amri za tarakilishi, ina msamiati wake. Programu iliyotayarishiwa prosesa ya Intel haieleweki na prosesa ya ARM, sawa na Mluo na Mpokomo wasivyoelewana pasipo lugha ya tatu.

Kampuni ya Apple imebadilisha prosesa za Mac mara tatu: 1994 kutoka Motorola 68000 hadi PowerPC, 2006 hadi Intel, na 2020 hadi prosesa zake yenyewe za aina ya ARM. Kila mara iliweka mpatanishi ili programu za zamani zisitupwe. Wa 2006 aliitwa Rosetta, kwa jina la jiwe lililopatikana Misri mwaka 1799, ambalo maandishi yake ya Kigiriki yalimwezesha Champollion kufumbua hiroglifu mwaka 1822.

Mwanafunzi wa isimu atatambua hapa tofauti ya mkalimani na mfasiri. Mpatanishi wa 1994 alianza kama mkalimani: alisoma amri, akaigeuza, ikatekelezwa, ndipo akaishika ya pili. Amri iliyorudiwa mara elfu aliigeuza mara elfu, na kazi ikazorota. Rosetta 2 ya mwaka 2020 ni mfasiri zaidi. Sehemu kubwa ya programu huigeuza kabla haijaanza kutumika, kisha huihifadhi tafsiri hiyo. Ndiyo siri ya wepesi wake.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2011 Apple ilimwondoa Rosetta wa kwanza, na programu za PowerPC zikawa bubu katika mfumo mpya. Mwaka 2025 ilitangaza kuwa Rosetta 2 naye atastaafishwa kwa sehemu kubwa baada ya toleo la macOS 27.

Mwenye matini asilia ya programu, yale aliyoyaandika mtunzi kwa mkono wake, aweza kuyageuza upya kwa prosesa yoyote. Asiye nayo hubaki akimlilia mkalimani.

Basi shule na vyuo vinunuapo programu za kutunzia alama, kamusi au tasnifu, viulize mapema: matini asilia yako kwa nani? Na je, kazi zetu zaweza kusomwa bila programu hii? Muuzaji asiye na jibu, tusimkabidhi kumbukumbu za wanafunzi wetu.