Ufa wa Suswa: Jivu la kale lilivyokata barabara na kumeza mashamba

MVUA ya masika ilipozidi Machi 2018, magari yanayotumia barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok yalikwama karibu na Suswa. Lami ilikuwa imekatika, na chini yake kukawa na korongo ambalo sehemu nyingine lilifika kina cha mita 15. Ufa huo haukuishia barabarani. Ulipita katikati ya mashamba na maboma, na baadhi ya familia zikalazimika kukusanya vyombo na kuhama.

Barabara hiyo ndiyo tegemeo la anayetoa ngano, viazi, maziwa au mbuzi Narok kuwapeleka Nairobi. Ndiyo pia njia ya watalii wanaokwenda Maasai Mara. Ikikatika hata kwa siku moja, maziwa huharibika kwenye mikebe na mwenye lori hudai nauli zaidi kwa kuzunguka. Wafanyabiashara walipata nafuu shimo lilipojazwa magari yakapita, lakini kujaza shimo hakuondoi kilicho chini yake.

Picha za ufa huo zilienea duniani kote, na punde ikavumishwa kwamba Afrika imeanza kupasuka vipande viwili. Uvumi huo una chembe ya ukweli, ila umekosea saa. Bara linagawanyika kweli, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko kucha za mtu zinavyokua.

Kinachosukuma ni joto. Chini ya Kenya na Ethiopia, joto kutoka ndani kabisa ya dunia hupanda na kuinua miamba iliyo juu yake. Ganda la dunia huvimba, huvutika kama donge la chapati linalovutwa pande mbili, na mwishowe hukatika. Kipande cha katikati huzama, kingo zikabaki juu. Abiria anayeteremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, akishika kiti kwa hofu ya zile kona, huwa anashuka ukingo wa mkato huo. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka milioni 10 katika sehemu hii ya Bonde la Ufa.

Mara chache hufanyika kwa ghafla. Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza chini ya ardhi na kufungua ufa wa kilomita 60. Mahali pengine ardhi iliachana kwa mita 8, na matetemeko yakafuatana. Suswa hakukuwa na tetemeko kubwa la kuandamana na ufa wa 2018. Ndiyo maana wanajiolojia wengi walisema korongo lilichimbwa na maji ya mvua, ingawa wapo walioshikilia kwamba maji hayo yalifuata mpasuko wa zamani uliokuwa umefukiwa. Kwa mwenye shamba, hoja hizo mbili hazigombani. Mvua ilifukua tu.

Kilichofukuliwa ni jivu. Milima ya Suswa na Longonot, ambayo wasafiri huiona kando ya barabara, ni volkano. Ilipolipuka zamani ilimwaga jivu na mawe mepesi yenye vitundu juu ya uwanda wote. Jivu hilo lilijaa katika nyufa zilizoachwa na ardhi inayovutika, na uso ukaonekana tambarare. Maji yakipata pa kupenya, hubeba jivu hilo kidogo kidogo na kulipeleka chini zaidi. Pango hukua bila mtu kujua. Juu yake nyasi zinaota, ng'ombe wanalisha, hadi siku ya mvua kubwa dari linapoporomoka.

Udongo huo huo ndio unaowalisha watu. Ni mwepesi kulima, hushika unyevu na mizizi hupenya bila taabu. Una tabia yake pia: udongo wa jivu la volkano hung'ang'ania fosforasi, kiasi kwamba mbolea iliyotawanywa ovyo shambani huishia kufungwa na udongo badala ya kufika kwenye mmea. Mkulima anayeweka mbolea ya kupandia kwenye mstari, karibu na mbegu, pamoja na samadi, hupata faida zaidi kwa gunia lile lile.

Kuhusu ufa, zipo dalili za kuangalia. Mashimo madogo yaliyojipanga kwenye mstari mmoja ni ya kutiliwa shaka, hali kadhalika maji ya mvua yanayotoweka ghafla mahali pale pale, au ukuta wa nyumba unaopasuka kila masika. Kosa baya zaidi ni kuelekeza huko mtaro wa barabara au maji ya paa, eti shimo litayameza. Litayameza, kisha limeze na shamba. Bwawa la kuvuna maji lisilotandikwa nailoni nalo halifai kuchimbwa juu ya mstari kama huo. Nyasi zilizoachwa ziote pembeni husaidia kupunguza kasi ya maji, ijapokuwa haziwezi kuziba pango ambalo tayari lipo.

Jambo hili linawahusu hasa wanunuzi wa ploti. Reli mpya ilifika Suswa mwaka wa 2019, na dalali hupenda kumwonyesha mteja ploti wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limefunika kila kitu. Afadhali mnunuzi arudi baada ya mvua kubwa, atembee kwa miguu, na awaulize wafugaji wazee ni wapi ardhi ilizama miaka ya nyuma. Hati ya ardhi haionyeshi pango.

Joto hilo hilo lina wanaolifanyia biashara. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981 kutoka visima virefu vinavyoshuka hadi kwenye miamba ya moto, na leo kawi ya mvuke hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Shamba la maua la Oserian nalo limetumia joto la kisima kupasha vivungulio vyake usiku, ili kupunguza unyevu unaoleta magonjwa ya ukungu kwenye waridi.

Kwa mkulima mdogo, mfano ulio karibu zaidi ni Eburru, mlimani juu ya Ziwa Naivasha. Mvuke hutoka wenyewe kwenye matundu ya ardhi, na tangu miaka ya 1930 umetumika kukausha pareto. Mahali hapo hapana mito, kwa hiyo wakazi wamezoea kuukinga mvuke kwa mabomba na kuupoza hadi ugeuke maji, kisha wanateka kwa mitungi na kupeleka nyumbani.