Ndizi mshare isiyonyauka: kwa nini inachukua miaka mingi kuipata?

Mtori mzuri unaanza na mshare. Ndiyo maana mikungu yake haikosi mnunuzi pale soko la Kwa Sadala, inaposhushwa kutoka vihamba vya Masama na Machame. Lakini mshare ina adui wake: mnyauko fuzari.

Majani ya chini yanaanza kuwa njano, yanavunjika na kuning'inia, kisha shina linapasuka karibu na ardhi. Ukilikata, unaona mistari ya kahawia ndani. Anayefanya hivyo ni fangasi wa udongoni. Anaingia kwa mizizi na kuziba mirija ya maji, yaani mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha. Hakuna dawa ya kupulizia inayomwondoa, na anaweza kukaa udongoni miaka mingi sana. Tumaini kubwa liko kwenye mgomba wenyewe: upatikane mshare wenye kinga ndani ya vinasaba vyake.

Si wachanganye tu, kama mahindi?

Hapo ndipo kazi ilipo. Mahindi yana mbegu. Ndizi tunazokula hazina. Tunapanda machipukizi, kwa hiyo mgomba wa leo ni nakala ya mgomba wa babu. Kama ule haukuwa na kinga, huu nao hauna.

Watafiti wa IITA walioko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, wanajaribu kuipita njia hiyo ngumu. Wanachukua chavua ya mgomba wenye kinga, mfano ndizi pori iitwayo Calcutta 4, ambayo ni ndogo na imejaa mbegu. Asubuhi mapema wanaipaka kwa mkono kwenye maua ya kike ya mshare, kisha wanafunika mkungu ili wadudu wasilete chavua nyingine. Ukikomaa, ndizi zinaivishwa na kupondwa kutafuta mbegu. Mara nyingi hakuna hata moja. Ikipatikana, kiinitete chake kinatolewa na kuoteshwa kwenye chupa maabara, maana mbegu hizi zikipandwa udongoni chache sana huota.

Na bado. Mtoto anarithi nusu ya vinasaba vya pori: anaweza kupata kinga, lakini pia vidole vidogo vyenye mbegu. Inabidi achanganywe tena, na kila mzunguko unasubiri mgomba uzae.

DNA inaokoa muda

Mwaka 2012 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya ndizi. Siku hizi kipande cha jani la mche mdogo kinaweza kuonyesha alama za DNA zinazoendana na sifa fulani, hivyo miche isiyofaa inaondolewa mapema badala ya kutunzwa shambani bure.

Matunda ya uzalishaji wa aina hii yameshaonekana nchini: mwaka 2021 ziliidhinishwa aina nne, TARIBAN 1 hadi 4, zenye asili ya matoke ya Uganda. Ila hizo si mshare.

Mshare mpya ikipatikana, mtihani wa mwisho utakuwa kwenye sufuria: je, inaiva laini, na mtori unabaki mtori? Mkulima hataacha ladha kwa ajili ya kinga peke yake.

Kwa sasa, usichukue machipukizi kwenye shamba lenye mgomba ulionyauka, na osha jembe na viatu kabla ya kuingia kihambani kwako.