Mpaka wa parseli uliandikwa kwa majina ya watu

Karatasi yenyewe imechanwa kutoka daftari la shule, imekunjwa mara nne, na mhuri wa shefu wa kartie umeanza kufifia. Ni akti ya kuuza parseli yenye nyumba ya matofali mabichi huko Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, kilomita kama 30 magharibi mwa mji wa Beni. Haina plani wala vipimo. Mipaka yake ni watu: juu, kwa Papa mwenye kakao, chini, kwa mjane wa mwalimu, kushoto, njia ya kwenda mtoni, kulia, kwa watoto wa marehemu. Siku ilipoandikwa haikuhitaji zaidi ya hapo, kwani mtaa mzima ulijua marehemu ni nani na watoto wake wanalima hadi wapi.

Lakini pande hizi zimepoteza watu wengi mno. Tangu Oktoba 2014 teritwari ya Beni haijapumzika na mauaji. Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa, Mangina ikiwa kitovu chake cha kwanza, na ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeondoka na roho 2,287 mashariki mwa Kongo. Wengine walifunga mizigo wakakimbilia Butembo. Papa mwenye kakao yuko wapi leo? Mjane je? Akti bado inawataja, na nyumba bado zinauzwa.

Jeometa mmoja aliyezeekea katika kazi hii, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, anasema mnunuzi humwita akiwa amechelewa. Dola zimeshahesabiwa, mbuzi ameshaliwa, ndipo anatakiwa aje kupima. Wengi huridhika na hatua za miguu za shefu. Vijana huja na simu. Simu hiyo, anaeleza kwa subira, hata mahali peupe inaweza kupotea mita 5, na chini ya mikakao hupotea zaidi. Kwenye parseli yenye upana wa mita 20, hiyo ni robo nzima.

Mteremko nao una hesabu yake. Ukilaza mkanda juu ya udongo kwenye kilima chenye mwinamo wa digrii 30, mita 20 ulizolipia zitakuwa mita 17.3 kwenye plani ya kadasta, maana kadasta hupima usawa. Yeye huuvuta mkanda ukae sawa hewani, akashusha timazi, akamwonesha mnunuzi kwa macho yake mwenyewe.

Ila mkanda hutoka mfukoni mwisho. Kwanza huita majirani wote, wanawake na wazee wa fimbo wakiwamo, na kuuzunguka mpaka pamoja nao, polepole. Hawaulizi mpaka uko wapi. Swali hilo, anasema, huzaa ugomvi palepale. Huuliza nani huchuma parachichi za mti ule wa kona. Nani aliupanda ua huu, na nani huukata ukirefuka. Maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Wakijibu kwa sauti moja, huchimba na kuweka borni, alama ya mpaka, kisha wote hutia sahihi au kidole gumba. Wakitofautiana, hufunga mfuko wake na kurudi nyumbani, hata kama mnunuzi ameshamlipa. Ujasiri huo naustahi.

Na pale ambapo jirani hayupo? Amepima parseli ambazo upande mmoja hakuna wa kusimama, na anakiri kwamba sahihi ya shefu peke yake haimpi usingizi. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 humpa mwenye setifika ya usajili kinga kubwa: miaka 2 ikipita, haishambuliwi tena, na aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia. Familia iliyokimbia ikirudi mwaka wa tatu, ikakuta borni katikati ya shamba lake, itamwendea nani? Nilimwuliza. Alinyamaza.

Wewe unayetafuta nyumba Mangina, Beni au Butembo, mwite jeometa kabla ya kutoa hata avansi. Mlipe siku nzima, si saa moja. Na kama jirani amekimbia, tafuteni namba yake ya simu kwanza, hata ikichukua mwezi.