Kufundisha Mapishi kwa Vitendo: Ndizi Mbivu kwa Tui la Nazi

UTANGULIZI

Katika kuwatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tumelikuta somo la mapishi likifundishwa kwa chaki peke yake. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya mahitaji, kisha njia ya kupika, wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Madaftari yamejaa, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyeshika mwiko. Wiki inayofuata mwalimu akiuliza kwa nini tui zito hutiwa mwisho, watoto humsomea sentensi waliyoinakili. Sababu yake hawaijui.

Mwaka 1967, katika kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius K. Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga mtoto na kazi za jamii yake. Onyo hilo linaligusa somo la mapishi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa jiko ni maabara ambayo kila nyumba inayo. Katika makala haya tutaeleza namna ya kufundisha pishi moja jepesi, yaani ndizi mbivu kwa tui la nazi, chakula kitamu kinacholiwa kingali na joto. Watu wa pwani na visiwani wanakijua sana, hasa katika futari ya mwezi wa Ramadhani. Tumekichagua kwa sababu huiva upesi, hakihitaji tanuri, na ndani yake mna mafunzo mengi ya sayansi na hesabu.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo, mwanafunzi aweze:
(a) kutofautisha tui zito na tui jepesi, na kueleza matumizi ya kila moja;
(b) kupika ndizi mbivu kwa tui bila tui kukatika;
(c) kueleza kwa nini ndizi mbivu ni tamu kuliko ndizi mbichi;
(d) kutumia moto kwa usalama.

MAHITAJI

Tuchukue darasa la wanafunzi 40. Yatahitajika:
Ndizi mbivu 5 kubwa, aina ya mzuzu au mkono wa tembo
Nazi 2
Sukari vijiko 4 vya chakula
Iliki chembe 6, zilizomenywa na kutwangwa
Chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili

Vyombo ni sufuria yenye mfuniko, mwiko, kisu, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au chujio, bakuli 2, jiko la mkaa, vitambaa vikavu vya kushikia sufuria, na ndoo ya mchanga.

Mwalimu achague ndizi ambazo ganda lake limegeuka manjano na kuanza madoa meusi, lakini nyama yake bado ngumu kiasi. Ndizi iliyolegea itavurugika sufuriani na kuwa uji.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya gharama. Yako mazoea ya kumwagiza kila mtoto alete kitu kutoka kwao: huyu sukari, yule nazi. Asubuhi ya somo, mtoto asiye na kitu husimamishwa mbele ya wenzake, au hukaa nyumbani kwa kuona haya. Somo lililokusudiwa kumpa stadi limemwondoa shuleni. Mwanachuo apange mapema pamoja na mwalimu mkuu ili mahitaji yatoke katika shamba la shule au fungu la shule. Ikishindikana, apunguze kiasi na kupika sufuria ndogo, lakini asimtoze mtoto.

MPANGO WA KAZI

Somo hili lahitaji vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Dakika 10 ni za utangulizi, 25 za matayarisho, 25 za kupika, na 20 za kuonja, kusafisha na maswali.

Darasa ligawanywe katika mafungu 5 ya wanafunzi 8. Fungu la kwanza livunje na kukuna nazi kwa zamu. La pili likamue na kuchuja tui. La tatu limenye na kukata ndizi. La nne liangalie moto na saa. La tano litwange iliki, liandae vyombo na kugawa chakula. Katika kila fungu wawemo wavulana na wasichana. Mvulana asiachiwe kuvunja nazi tu, naye msichana asiachiwe kuosha vyombo tu. Wote hula, basi wote wajifunze kupika. Somo jingine la mapishi litakapofika, mafungu yabadilishane kazi.

Kila ndizi ikatwe vipande 4, na kila kipande kipasuliwe katikati kwa urefu. Mwalimu aulize: ndizi 5, kila moja vipande 8, zitatosha watoto wangapi? Hapo hesabu ya kuzidisha ina jibu linaloliwa.

NJIA YA KUPIKA

1. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu katika nazi iliyokunwa, ukamue na kuchuja. Hilo ndilo tui zito. Liweke kando.

2. Rudia machicha yale yale kwa maji vikombe 3. Hilo ni tui jepesi.

3. Panga vipande vya ndizi sufuriani, mimina tui jepesi, tia chumvi, kisha bandika. Likichemka, punguza moto, funika, na uache kwa muda wa dakika 10 hadi 15, mpaka ncha ya kisu ipenye ndizi bila nguvu.

4. Tia sukari na iliki. Onja kwanza, maana ndizi iliyoiva sana huhitaji sukari kidogo.

5. Mimina tui zito. Tikisa sufuria au koroga polepole pembeni ili ndizi zisivunjike. Usiache kukoroga mpaka lianze kutokota, kisha lipe dakika 3 hadi 5 juu ya moto mdogo.

6. Epua. Acha lipoe kidogo, maana tui lenye sukari hushika joto na huunguza ulimi.

MASWALI YA KUWAFIKIRISHA WANAFUNZI

Mwalimu asiharakishe kutoa majibu. Aulize, angoje, ndipo aeleze.

Kwa nini tui zito hutiwa mwisho? Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika katika maji, yakishikiliwa na protini ya nazi. Moto mkali ukidumu, protini hubadilika, mafuta hukusanyika, na tui hukatika. Tui jepesi lina mafuta machache, hivyo linavumilia kuchemka kwa muda mrefu. Tui kidogo lichemshwe kando kwa moto mkali bila kukorogwa, ili watoto walione likikatika. Watalikumbuka kuliko maelezo.

Kwa nini ndizi mbivu ni tamu? Ndizi mbichi imejaa wanga. Inapoiva, sehemu kubwa ya wanga hugeuka sukari. Shule ikiwa na ayodini, idondoshwe juu ya kipande kibichi na kipande kibivu. Kile kibichi kitageuka bluu nyeusi, kile kibivu kitageuka kidogo tu. Vipande hivyo vitupwe, visiliwe.

Kwa nini kitambaa cha kushikia sufuria kiwe kikavu? Kwa sababu maji hupitisha joto upesi kuliko hewa iliyomo katika nyuzi za kitambaa kikavu.

USALAMA

Jiko la mkaa liwekwe nje au ukumbini penye upepo. Lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Jiko likae juu ya ardhi iliyo sawa, na mstari uchorwe kulizunguka. Wavukao mstari ni wanafunzi wawili tu kwa wakati mmoja. Mfuniko ufunuliwe kuelekea upande wa pili, ili mvuke usimpige mpishi usoni. Mtoto akiungua, pamiminiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa apelekwe zahanati mara moja.

MAHALI PASIPO NA NAZI

Mwalimu aliye bara, ambako nazi ni ghali, aweza kutumia karanga zilizotwangwa laini, zikakorogwa katika maji na kuchujwa. Kwanza aulize kama yuko mtoto anayedhurika kwa kula karanga.

KUPIMA MAFANIKIO

Kila mtoto aonje, hata kama ni kipande kimoja. Chakula kikipikwa mbele ya watoto, ambao wengine hawakupata chai asubuhi, kisha kikapelekwa chumba cha walimu, watoto watakuwa wamejifunza jambo ambalo halimo katika andalio la somo, nalo hawatalisahau. Walimu waonje baada ya watoto.

Baada ya kuonja, vyombo vioshwe na moto uzimwe kwa mchanga. Machicha yapelekewe kuku wa shule, kama wapo. Kisha ndipo madaftari yafunguliwe, na kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake mwenyewe alichokiona na sababu yake. Mwalimu akiyasahihisha na kukuta sentensi 40 zisizofanana, zote zikieleza jambo lile lile kwa usahihi, ajue shabaha ya somo imefikiwa.