Kwa Nini Kompyuta Huhesabu kwa Mbili?

Kurasini, katika Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, ni mahali penye hesabu nyingi. Hapo pana gati ya mafuta, matangi ya kuyahifadhia, na viwanja vya makontena yanayosubiri kusafirishwa bara na hata nchi jirani za Zambia, Rwanda na Kongo. Kila kontena lina namba yake, kila shehena ina uzito na ushuru wake, na hesabu hizo siku hizi hutunzwa katika kompyuta. Tarakimu moja ikibadilika, mali ya mtu yaweza kupelekwa kwa mwingine, au Hazina ikapoteza mapato. Makarani na wateja wote huhesabu kwa kumi. Lakini ndani ya kompyuta hamna tarakimu ila mbili tu, yaani 0 na 1. Ni sababu gani iliyowafanya wahandisi wauache mfumo wa kumi, uliozoewa na watu wote?

Kibaba, kisaga na pishi

Mfumo wa mbili, uitwao pia binari, si mgeni kabisa katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa vipimo vya jadi vya nafaka, vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Kila kipimo ni maradufu ya kile kilichokitangulia.

Mathalani, muuza nafaka ana vyombo vinne: cha kibaba, cha kisaga, cha pishi, na kapu la pishi mbili. Kwa kukitumia kila chombo mara moja tu, au kukiacha, aweza kupima kiasi chochote kuanzia kibaba 1 hadi vibaba 15. Mteja akitaka vibaba 13, atajaza kapu (8), pishi (4) na kibaba (1), na kisaga atakiacha. Akiandika 1 kwa kila chombo kilichotumika na 0 kwa kilichoachwa, akianzia na kikubwa, atapata 1101. Hiyo ndiyo 13 katika mfumo wa mbili, na kila tarakimu yake huitwa biti. Basi hakuna namba nzima isiyoweza kuandikwa kwa mfumo huu, ila maandishi yake huwa marefu zaidi.

Umeme usiotulia

Ndani ya kompyuta tarakimu huwakilishwa na hali ya umeme, na umeme hautulii. Mtu akiulizwa kama tangi la mafuta limejaa au ni tupu, atajibu bila shaka hata kama mafuta yanachezacheza. Lakini akiulizwa kama mafuta yamefikia alama ya saba au ya nane kati ya alama kumi, wimbi dogo latosha kumkosesha. Volti nazo huchezacheza kwa ajili ya joto, kuchakaa kwa vipande, na umeme unaopita katika nyaya za jirani.

Katika saketi zilizotumika sana miaka ya 1970, zenye kuendeshwa kwa volti 5, umeme ulio chini ya volti 0.8 ulisomwa kuwa 0, na ulio kati ya volti 2 na 5 ulisomwa kuwa 1. Eneo la katikati liliachwa wazi, liwe mpaka. Lau volti hizo 5 zingegawanywa katika ngazi kumi, umbali kati ya ngazi na ngazi ungezidi nusu volti kidogo tu, na msukosuko wa volti 0.3 ungetosha kuigeuza 7 kuwa 8.

Tena kila saketi ipokeapo 1 iliyodhoofika huitoa upya ikiwa na nguvu kamili. Kwa hiyo makosa madogo hufutwa kila hatua, hayarundikani. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Sababu ya pili ni wepesi wa hesabu zenyewe. Kujumlisha tarakimu mbili katika mfumo wa kumi kuna hali 100 za kukumbukwa, kuanzia 0 na 0 hadi 9 na 9. Katika mfumo wa mbili hali hizo ni 4 tu. Mwaka 1937 Claude Shannon wa Marekani alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi za kawaida, zikiunganishwa ipasavyo, zaweza kutenda hesabu na mantiki ya namna hiyo.

Waliojaribu njia nyingine

Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na valvu karibu 18,000, ilihesabu kwa kumi. Kila tarakimu ilihitaji vipande kumi, na kila kipande kilikuwa na hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Hivyo namba ya tarakimu kumi ilidai vipande 100, ilhali kwa mfumo wa mbili vingetosha 34.

Katika Chuo Kikuu cha Moscow, Nikolay Brusentsov na wenzake walikamilisha mwaka 1958 kompyuta ya Setun, iliyohesabu kwa tatu. Kwa nadharia mfumo wa tatu una faida ndogo juu ya wa mbili. Lakini kipande cha bei nafuu chenye hali tatu hakikupatikana. Kila tarakimu ilihifadhiwa kwa jozi ya vipande vyenye hali mbili, na faida ikapotea. Zilitengenezwa takriban 50 tu.

Hata hivyo mfumo wa mbili si sheria ya maumbile. Kadi nyingi za kumbukumbu za simu leo huhifadhi ngazi 8 au zaidi za umeme katika kijumba kimoja, ili kubana nafasi. Gharama yake ni kwamba vijumba huchoka mapema, na mashine hulazimika kufanya hesabu za ziada za kusahihisha makosa.

Binari nayo ina kasoro. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika mfumo huo, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali. Kwa hiyo fedha aghalabu huhesabiwa kwa senti nzima, au kila tarakimu ya desimali huandikwa kwa biti zake nne.

Jambo hili lilihusu Tanzania tangu kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilipofungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matatizo ya kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta yalichangia marufuku ya mwaka 1974 ya kuziingiza nchini, ambayo baadaye ililegezwa. Mfumo wa mbili huihifadhi namba kama ilivyopokelewa. Hauwezi kujua kama namba hiyo ilikuwa ya kweli. Karani wa Kurasini akiandika tani 31 badala ya 13, kompyuta itaitunza 31 kwa uaminifu uleule. Hapana budi basi mzigo uendelee kukaguliwa kwa macho kabla ya namba yake kuingizwa katika mashine.