Bukini, bata au kuku? Hesabu inaanzia kwenye majani

Anayefuga kuku nyuma ya nyumba huanza kuwatamani bata bukini siku anapowaona kwenye uwanja wa mtu mwingine, shingo juu, wakitembea kama wenye nyumba. Bei ya jozi humshtua, kisha hujifariji: ndege mkubwa, mayai makubwa, mlinzi wa bure. Faraja hiyo ina ukweli nusu.

Tuanze na mayai. Kuku wa kisasa akilishwa vizuri hutaga 280 au zaidi kwa mwaka. Wa kienyeji anayejitafutia, kama 50. Bukini hutaga kama 30, na wengi hawaanzi mpaka wakaribie mwaka mmoja. Yai lake lina gramu 150 hivi, kwa hiyo mwaka mzima hukupa kilo 4 na nusu za mayai. Kuku wa kienyeji hukupa kilo 2, wa kisasa 16. Anayetafuta trei za mayai anaweza kuishia kusoma hapa.

Kwenye chakula mambo hubadilika. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku, yaani kilo 44 kwa mwaka, karibu mfuko mzima wa kilo 50. Bukini aliyefungiwa hula gramu 250 na kuendelea, mifuko miwili kasoro kidogo. Lakini mpe ukoka mbichi, mfupi, na atachunga kutwa. Jioni unamtupia konzi ya mahindi ili asisahau njia ya bandani. Ndiyo maana mwenye ekari ya majani Kibaha na mwenye uwanja wa saruji Sinza, wakinunua bukini kwa bei ileile, hawajanunua kitu kimoja. Hata huyo wa Kibaha akumbuke kiangazi: nyasi zikikomaa na kukauka, bukini hazitaki, na mfuko wa chakula unarudi.

Kinachomtetea ni umri. Kuku wa kisasa huuzwa supu akifikisha mwaka na nusu au miwili. Bukini aliyetunzwa huweza kuishi miaka 15 hata 20, kwa hiyo bei ile ya kushtua hugawanyika kwa misimu mingi.

Gharama ambayo muuzaji haitaji ni banda la pili. Bukini huchezea maji, humwaga, huloanisha maranda, na maranda yaliyoloa ndiyo huchochea koksidia kwa vifaranga vya kuku. Dume naye msimu wa kutaga huwa mkali. Kifaranga akikatiza karibu na kiota anaweza kuumizwa vibaya. Mchana wachunge pamoja, usiku kila mmoja kwake. Vifaranga vya bukini wakila chakula cha kuku peke yake hulegea miguu kwa kukosa niasini ya kutosha, kwa hiyo weka bajeti ya vitamini B za kuchanganya kwenye maji. Na mdondo ukipita, kuku watakufa huku bukini wakisimama, lakini wanaweza kubeba virusi bila dalili. Chanjo ya matone kwa kuku kila baada ya miezi 3 hadi 4 iko palepale.

Ulinzi? Atapiga kelele mgeni akiingia, hilo ni kweli. Nguchiro usiku atazuiwa na mlango unaofunga vizuri. Kanga hupiga kelele vilevile, hula wadudu, ila ni watoro na hupenda kulala mitini.

Kwa nyumba nyingi za mjini mimi ningechukua bata wa kawaida, yule mwenye vinundu vyekundu usoni. Hula nzi na mabaki ya jikoni, huatamia siku zake 35 bila kusumbua mtu, na sauti yake haivuki ukuta. Jirani wa ukuta mmoja, ukishamfanya aamshwe na bukini alfajiri, ni gharama isiyo na risiti.

Mwenye majani na nafasi, akiamua kununua, achukue dume mmoja na majike wawili au watatu. Kwa macho hufanana, na muuzaji mwenyewe mara nyingi anakisia. Mwambie amgeuze kila mmoja na kumkagua chini ya mkia mbele yako kabla hujatoa hela, la sivyo unaweza kulisha madume wawili mwaka mzima ukisubiri yai.